Tupeane uzoefu: macho yanagoma na bado unajenga modeli

Fundi wa Makole
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wajenzi wa modeli, iwe ndege za plastiki, treni, au zile za majengo tunazowatengenezea wasanifu hapa Dodoma, ambao umri umeshapita arobaini na kibano kimeanza kushika hewa. Lenzi gani, taa gani, umbali gani. Pole tuziweke kando, tupeane ya kazi.

Naanza. Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana unasogeza karatasi ya maelekezo mpaka mkono unaisha. Kwa jicho linaloona mbali bila shida ila kwa karibu limeishiwa nguvu, hesabu ni nyepesi: gawa 100 kwa namba ya miwani, jibu ni sentimita. +2.00 inaona kwenye sentimita 50, +2.50 kwenye 40, +3.00 kwenye 33, +4.00 kwenye 25. Kwa hiyo kabla ya kwenda kupima, kaa mezani ushike kazi kama kawaida, mtu akupimie kwa futi kamba kuanzia jichoni mpaka ncha ya kibano. Mpelekee mpimaji namba hiyo. Usipompelekea atakupa miwani ya kusomea gazeti.

Nkuhungu Kwetu
Kweli tupu hiyo ya futi kamba. Na mkatae zile lenzi zenye mbali juu na karibu chini. Sehemu ya karibu ni kijidirisha kidogo, unashinda umeinua kidevu mpaka shingo inalia. Miwani ya kazi iwe namba moja kioo kizima.

Msukuma Mgeni
Mnajisumbua. Miwani ya kumwaga chini pale soko la Majengo inatosha kabisa. Unavaa, unaangalia kucha, ukiziona unalipa.

Fundi wa Makole
Inatosha macho yote mawili yakiwa sawa. Ile kulia na kushoto ni namba moja, na katikati ya kila kioo pamepangwa kwa uso wa mtu wa wastani. Jicho moja likiwa tofauti, au kioo cha mbele cha jicho hakijapinda sawasawa, saa moja tu kichwa kinagonga halafu unalaumu harufu ya rangi.

Msukuma Mgeni
Kichwa kinagonga kwa sababu hamli mchana.

Reli ya Kati
Kwa sisi wa treni, miwani peke yake haitoshi. Mfano treni ya SGR kwa skeli ya 1:87. Reli ya kweli ina upana wa milimita 1435, kwenye meza inakuwa 16.5. Hapo bado unaona. Njoo kwenye waya wa umeme wa juu: wa kweli una unene wa kama milimita 12, ukigawa kwa 87 unabaki na 0.14. Hakuna anayeufunga wa kipimo hicho. Watu wanatumia 0.3 na bado unapotea mbele ya ukuta mweupe. (Anayejenga reli ya zamani ya mita moja ana 12 mezani, mwembamba zaidi lakini hana nyaya za juu. Raha yake.)

Dawa ni lenzi ya kuvaa kichwani. Jihadharini na tamaa ya ukuzaji. Lenzi inayokuza mara 1.75 inakuacha sentimita 35 kutoka kwenye kazi, mkono unapita, kisu kinapita. Ya mara 2.5 inakuleta kwenye 20. Ya mara 3.5 ni sentimita 10, pua imeshaingia kwenye behewa na chuma cha kuchomelea risasi hakina pa kupita. Tena kadiri inavyokuza ndivyo kina cha kuona wazi kinavyopungua: ncha ya kibano unaiona, kipande kilichoshikwa kina ukungu. Ya 1.75 kwa kazi nyingi, ya 2.5 kwa rangi na vipande vidogo, basi. Na ukiivalia juu ya miwani ya +2.00, namba zinajumlishwa, umbali unapungua tena. Wengi wanadhani lenzi ni mbovu kumbe wamekaa mbali na kazi.

Binti Ihumwa
Shikamooni wakubwa. Kwa nini msihamie skeli kubwa tu? Askari wa 1:72 ana milimita 24, wa 1:35 ana 50. Uso unaonekana bila mashine.

Reli ya Kati
Marahaba. Skeli kubwa inataka chumba, mwanangu. Kituo kimoja cha treni cha 1:35 kinakula sebule.

Kisasa Bloku C
Tena skeli kubwa inataka vitu vingi zaidi. Ambacho kwenye 1:72 ni doa la rangi, kwenye 1:35 ni bawaba yenye skrubu. Macho hayajapumzika hapo.

Nkuhungu Kwetu
Binti yuko sahihi, wazee mna kiburi tu.

Kisasa Bloku C
Kiburi ni kumwambia mtu atupe nusu ya kabati lake.

Mama wa Modeli
Mmesahau taa na mnagombana. Jicho la miaka 60 linapokea takriban theluthi ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka 20, kwa sababu mboni inakuwa ndogo na lenzi inakuwa ya njano. Kwa hiyo kabla ya kununua kioo, ongeza mwanga. Taa mbili, moja kila upande, zishuke chini ya usawa wa macho ili zisikupige usoni. Taa moja inatupa kivuli cha kidole chako mahali unapokata. Kisha rangi ya meza. Plastiki nyeupe juu ya meza nyeupe haionekani hata kwa kijana. Tandika kitambaa cheusi kwa vipande vyeupe, cheupe kwa vyeusi. Kipimo kisomeni kwenye kalipa yenye tarakimu, ile mistari ya nusu milimita muiache.

Fundi wa Makole
Ahsante mama. Na kiangazi chetu? Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ni kavu na upepo una vumbi. Ukikaza macho unasahau kupepesa, jicho linakauka, kila kitu kinakuwa na ukungu unaokuja na kuondoka. Feni isikupige usoni. Matone ya kulainisha macho yawe karibu.

Chamwino Juu
Hapo kwenye matone ngoja niseme, maana ndipo panapoua. Supa gluu na matone ya macho: vichupa vyote vidogo, vyeupe, mdomo mwembamba. Kuna fundi wa modeli za majengo hapa mjini, jioni, umeme umekatika, anatumia tochi ya simu, miwani ameitoa kwa sababu macho yanawasha. Amenyoosha mkono, ameinamisha kichwa nyuma, akakamua. Gundi ile inakauka kwa unyevu, na jicho ni unyevu mtupu. Sekunde chache kope zimeshikana kama zimeshonwa, na ndani gundi ngumu inakwaruza kioo cha jicho kila jicho linapocheza. Waliokuwepo mmoja anataka kuvuta kope zifunguke, mwingine ameshaleta asetoni ya kuondolea rangi ya kucha.

Vyote viwili ni balaa. Asetoni inaunguza jicho, kuvuta kunachana ngozi na kioo. Kinachotakiwa: maji safi ya uvuguvugu, mengi, yamwagike taratibu dakika 15 hivi, kitambaa safi chenye maji juu ya jicho, hospitali usiku huohuo. Kule wanaweza kukata nywele za kope zilizoshika gundi, na mara nyingi inaachia yenyewe ndani ya siku chache. Yule aliponea kwenye mkwaruzo tu.

Msukuma Mgeni
Mungu wangu. Jicho lilirudi?

Chamwino Juu
Lilirudi. Gundi yake sasa iko ndani ya kopo la kahawa lenye mchanga, inakaa wima. Matone yako chumba kingine.

Mama wa Modeli
Na kiangazi hatari inaongezeka. Hewa kavu inachelewesha gundi kushika, mtu anaongeza tone, halafu anasogeza uso kuchungulia kama imeshika, mvuke unamwingia machoni. Tone moja linatosha. Weka kipande ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi, funika, subiri.

Binti Ihumwa
Au pulizia pumzi tu.

Mama wa Modeli
Kwa pua iliyo sentimita 10? Utashikana nayo.

Kisasa Bloku C
Swali. Rangi ya bluu ninayochanganya watu wanasema imezidi, mimi naiona iko sawa. Na taa zina duara la mwanga usiku. Niongeze taa?

Reli ya Kati
Ongeza.

Fundi wa Makole
Usiongeze, kapime. Hizo ni dalili za mtoto wa jicho: lenzi inakuwa njano, inakula bluu, kwa hiyo unaongeza bluu kufidia. Taa kali inazidisha mng'ao. Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Mvumi, kote wanatibu macho. Ukifanyiwa upasuaji waambie unafanya kazi za karibu, maana lenzi mpya mara nyingi inapangwa kwa kuona mbali, na miwani ya kazi utaihitaji tena. Waombe na presha ya jicho wapime siku hiyohiyo. Ile ikipanda haiumi, na ikila uwezo wa kuona pembeni hairudishi.

Nkuhungu Kwetu
Mwenye sukari asubiri itulie kwanza kabla ya kutengeneza miwani. Sukari ikipanda na kushuka namba inahama nayo.

Msukuma Mgeni
Na kipande kikiruka sakafuni?

Reli ya Kati
Zima taa zote, laza tochi sakafuni, izungushe taratibu. Hata kipande cha nusu milimita kinatupa kivuli kirefu. Usitembee kabla hujamaliza.

Kisasa Bloku C
Ufagio wa umeme wenye soksi ya nailoni mdomoni.

Binti Ihumwa
Au vaa aproni, pindo ulibane kwenye meza. Kinaangukia mapajani.

Msukuma Mgeni
Nimefanya ya tochi sasa hivi. Nimepata propela ya ndege niliyouza Pasaka. Ninachotafuta bado.