MJADALA: UE (mtihani wa mwisho wa muhula chuoni) ya uandishi wa habari ifutwe, zibaki kazi za vitendo?

Kipengere: Kamwene wakuu. Shahada za habari na mawasiliano vyuo vingi ni 40 kwa 60: CA, yaani kazi na majaribio ya muhula, 40, UE 60. Chukulia wanafunzi wawili. Wa kwanza habari zake zinarushika: CA 34, UE 18, jumla 52. Wa pili hajui maikrofoni inashikwaje, ila kakariri nadharia: CA 18, UE 52, jumla 70, anatoka na A. Lengo la somo limeandikwa "aweze kuandaa kipindi". Karatasi ya saa tatu inapima hilo wapi? Iwekwe jalada la kazi: habari tano, makala ya redio ya dakika tano, kisha aitetee mbele ya wasahihishaji wawili.

Uyole_Juu: Jalada ataandikiwa na akili bandia. Na kabla ya "kurushika", waache kwanza kuchanganya r na l. Sikilizeni taarifa za habari za huku kwetu, aibu tupu.

BintiKihesa: Katika yote hayo umeona r na l tu? Mtu akisema "lais wa nchi" wewe hujui anatajwa nani?

Uyole_Juu: Najua. Ila "kura" na "kula" siku ya uchaguzi utajua, dada?

Mzee wa Studio: Hapo kijana kashinda, lakini alama ngapi? Kuna miongozo ya usahihishaji inaandika "sauti: 20" basi. Mmoja anakata kwa lafudhi, mwingine kwa pumzi. Igawe: kueleweka 8, kasi 6 (maneno 55 hadi 60 kwa sekunde 30, zaidi ya hapo anakimbia), ufundi 6. Ufundi ni hivi: mdomo na maikrofoni viachane shubiri moja, maikrofoni ikae pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige, nje avishe sponji. Anayerekodi Makambako bila sponji anarudi na upepo mtupu, hakuna programu itakayomsafishia.

BintiKihesa: Asante mzee. Kwa hiyo lafudhi ya Kihehe haikatwi?

Mzee wa Studio: Ikibadili maana, ikatwe. Isipobadili, iachwe.

Uyole_Juu: Basi mtangazaji yeyote ni sawa. Ndiyo maana ikaja ile sheria ya 2015 ya ithibati, kibali cha mwandishi kufanya kazi.

Mwanjelwa Plaza: 2015 ni Makosa ya Mtandao, mkuu. Ithibati ni Huduma za Habari, 2016. Na matamshi hayahusiani na ithibati. Turudi kwa akili bandia, hapo ulikuwa na hoja ukaikimbia. Usipokee habari iliyokamilika peke yake. Dai sauti ghafi kabla ya kukatwa, daftari la mahojiano na namba za vyanzo, halafu mpigie simu mmoja wao. Aliyebuni mahojiano ya soko la Sido hana kelele za Sido nyuma ya sauti. Kazi za kikundi nazo, kila mmoja alete sauti ghafi yake, maana wanne hubebwa na mmoja na wote wanapata 32.

Kipengere: Hapo sawa. Ila UE?

Uyole_Juu: Sijakimbia kitu. Pigeni hesabu. Darasa la watu 180, utetezi dakika 20 kila mmoja, ni saa 60. Wasahihishaji wawili, saa 120. Wakipishana alama zaidi ya 10 anaitwa wa tatu. Nani analipa posho?

BintiKihesa: Posho tena! Kusahihisha karatasi 180 za insha ni bure?

Mwanjelwa Plaza: Sheria na maadili ya habari ziachiwe karatasi, kashfa haipimwi kwa maikrofoni. Masomo ya utayarishaji ndiyo yafutiwe UE.

Uyole_Juu: Sawa, ila mjibu la posho. Na "kula" bado haijajibiwa.

BintiKihesa: Mpigie kula basi.