Kaka yangu aliwekewa chupa saba za dripu, sasa amevimba na figo zinasuasua. Ni dripu?

Nyar_Kondele:
Wadau, habari za usiku. Niko kwenye benchi nje ya wodi hapa Kisumu na simu inakaribia kuzima, mnivumilie.

Jumamosi mdogo wangu aligongwa na Probox akiwa kwenye boda, maeneo ya Maseno. Paja lilivunjika, damu ikamwagika vibaya. Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na damu ya grupu lake, wakamtundikia nomo salaini, dripu ya maji ya chumvi, zile chupa za nusu lita, saba mfululizo kabla damu haijapatikana. Presha ikapanda, tukamshukuru Mungu. Leo ni siku ya tatu. Amevimba uso na miguu, yuko kwa oksijeni, kreatinini, kile kipimo cha figo, imepanda. Mjomba anasema wamemzamisha mtoto kwa maji ya chumvi, na anataka tumhamishe usiku huu huu kwa gari la kukodi. Nishaurini.

Mtu_wa_Busia:
Pole dada. Mjomba ana hoja. Utafiti wa 2011 ulifanywa Kenya, Uganda (hata hapo Mbale) na Tanzania kwa watoto 3,141. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 10.6 kwa mia, na wasiomiminiwa 7.3.

Sista_wa_Zamu:
Mtu wa Busia, hao walikuwa watoto wenye homa na maambukizi makali. Si mtu aliyepasuka mshipa wa paja. Usichanganye.

Nyar Kondele, pole sana. Nimefanya kazi kasualti Nakuru miaka mingi, nikueleze ninavyoelewa. Aliyemwaga damu anahitaji damu. Salaini humnunulia muda tu, maana baada ya saa moja hivi ni kama robo yake inayobaki kwenye mishipa. Iliyobaki huvuja hadi kwenye nyama, ndiyo huo uvimbe.

Halafu kuna chembe nyeupe za damu, hasa zile za kwanza kukimbilia jeraha. Mshtuko wa kupoteza damu peke yake huziamsha. Majaribio kwa nguruwe na kwa damu ya binadamu maabara yalionyesha kwamba maji mengi ya dripu huzichochea zaidi: zinanata kwenye kuta za mishipa na kumwaga kemikali zilizokusudiwa vijidudu. Ule utando laini wa ndani ya mshipa unachunika, maji yanapita. Mapafu yana mishipa midogo mingi, kwa hiyo huumia mapema. Tena Ringa, ile dripu nyingine, nayo haikutoka safi kwenye majaribio hayo, msije mkadhani ni dawa ya miujiza.

Kwa figo, tatizo la salaini ni kloraidi, sehemu ya chumvi: milimoli 154 kwa lita, wakati ya damu ni kama 100. Ikizidi, damu huwa na asidi na mshipa unaoingia kwenye figo hubana. Ila presha iliyoanguka pale barabarani nayo ilizinyima figo damu. Nani atakwambia ni lipi lililoumiza zaidi? Mimi siwezi.

Mitishamba_Tu:
Mchemshie mizizi, figo zitasafishika.

Sista_wa_Zamu:
Usithubutu! Figo zikilala, potasiamu, madini ya kwenye damu, hupanda, na mizizi mingine inayo tele. Moyo husimama. Hata sindano ya diklofenaki ya maumivu waambie wasimpe.

KO_Kakamega:
Naongezea. Marekani walilinganisha salaini na maji yanayofanana zaidi na damu kwa watu wazima 15,802, matokeo yakatoka 2018: matatizo makubwa ya figo na vifo 15.4 kwa mia dhidi ya 14.3. Tofauti ipo, ndogo. Kwa hiyo usiende kugombana na daktari juu ya chupa. Uliza anakojoa kiasi gani kwa saa. Mwenye kilo 70 tunataka 35 mililita au zaidi. Uliza potasiamu, na kama bado wanamwekea maji. Kumhamisha mtu aliye kwa oksijeni kwa gari la kukodi, sahau kabisa. Ikibidi, ambulensi, na hospitali inayompokea ipigiwe kwanza ithibitishe ina mashine ya kusafisha damu.

Nyar_Kondele:
Nimeuliza. Dripu walisimamisha jana, sikuwa nimeona. Mkojo ni 20 kwa saa, saa sita mchana ulikuwa 10. Potasiamu 5.1. Mjomba bado amenuna, lakini amekwenda kutoa damu na binamu wawili.

Sista_wa_Zamu:
Huo mkojo ufuatilie kila saa, uandike. Ukishuka tena usingoje raundi ya asubuhi, mwamshe daktari wa zamu.