Mawe ya bustani na watoto wa awali: marumaru zinabanduka, vibao vya udongo vinapinda

Mwl_Bustani:
Wadau habari. Darasa la awali hapa Tanga, watoto 24 wa miaka 4 hadi 6. Tunataka mawe 12 ya kukanyagia yenye vipande vya marumaru, kila jiwe watoto wawili, na ukutani vibao vya udongo, kila mtoto chake. Mawe mawili ya majaribio yamegoma: vipande vinang'oka kwa ukucha na katikati kuna ufa. Saruji 1 kwa mchanga 5, mchanga wa ufukweni. Vibao vilianikwa juani vikapinda kama papadi. Tanuri hatuna. Nakosea wapi?

FundiSakafu:
Mwalimu, anza na mchanga. Wa ufukweni una chumvi, jiwe litatoa unga mweupe kila likikauka baada ya mvua. Chukua wa mtoni, uuchekeche. Halafu 1 kwa 5 ni uwiano wa kujengea ukuta, si wa kitu chembamba cha kukanyagwa. Weka 1 kwa 3.

Kwa beseni la plastiki la kipenyo cha sm 30, unene wa sm 4: kopo la lita moja la saruji, makopo matatu ya mchanga, maji yasizidi robo tatu ya lita. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza. Finyanga tonge mkononi ukiwa na glavu: lishikane bila kuchuruzika. Maji yakizidi hupanda juu na kuacha uso dhaifu, na uso huo ndio unaoachia vipande vyako. Mawe 12 yanakula kama kilo 17 za saruji, nunua ya kupima.

Paka beseni mafuta ya kupikia, mimina nusu, laza kipande cha waya wa kuku, malizia. Ufa wa katikati mara nyingi unatokana na kukausha haraka. Funika kwa nailoni, weka kivulini, toa kwenye beseni siku ya tatu, kisha endelea kulimwagilia mpaka siku ya saba. Saruji haitaki kukaushwa, inataka maji ili ishike.

Na vipande vizame theluthi mbili ya unene wake, visikae juu juu. Nguzo za makaburi ya Kaole, magofu ya kale karibu na Bagamoyo, zina vishimo vya mviringo ambamo mabakuli ya Kichina yalizamishwa kwenye plasta. Wazee wa pwani hawakubandika, walizamisha.

Shangazi_Chekechea:
Fundi kasema vyema, ila mtoto wa miaka 4 asiguse saruji mbichi. Inaunguza ngozi, na maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye. Kumvalisha glavu za mtu mzima ni kujidanganya, zinajaa uji wa saruji ndani.

Geuza kazi kichwa chini. Tandika karatasi ya kunata ya kufunikia madaftari ndani ya beseni, upande wa gundi juu. Watoto wanapanga vipande vikavu, uso unaong'aa ukitazama chini. Wanaweza kubadili mawazo hata mara kumi, na kazi ikalala hadi kesho. Mtu mzima ndiye anayemimina saruji, watoto wakiwa hawapo: kwanza tabaka la sm 1 lililo laini kidogo, gongagonga beseni hewa itoke, kisha lililobaki na waya. Siku ya tatu geuza, bandua karatasi.

Hapa wengi wanateleza mambo mawili. Picha inatoka kinyume, kwa hiyo herufi ziandikwe kinyume. Samaki, ua au jua havisumbui. Na watoto hupenda kugusanisha vipande. Wafundishe kuacha nafasi ya kidole chao kidogo, vinginevyo saruji haina pa kupenya. Ukingoni acha sm 2.

Marumaru zivunje wewe, ndani ya gunia, umevaa miwani, vipande vya sm 3 hadi 4. Kila ukingo upite kwenye jiwe la kunolea lililoloweshwa. Vumbi usifagie kavu, pangusa kwa kitambaa kibichi. Makombe ya pwani nayo mazuri, hayakati: loweka kwenye maji baridi siku mbili, na tumbo la kombe lijaze saruji kwanza, likiwa tupu litavunjika likikanyagwa.

Mfinyanzi_Kando:
Kwenye vibao: kupinda ni juu kukauka kabla ya chini. Kila mtoto tonge la gramu 300, ukubwa wa chungwa, alibonyeze kwa kiganja kati ya fito mbili za unene wa sm 1, juu ya gunia. Pitisha chupa usawazishe. Jani la mpapai, upande wa mishipa, linaacha alama safi. Toboa matundu ya waya saa hiyohiyo kwa kijiti, mapana kuliko unavyotaka, kwa sababu udongo husinyaa. Kitu cha kuongezea juu, mfano jicho la samaki, kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, bonyeza. Bila hivyo kitadondoka kikikauka.

Kausha kivulini siku 10 hadi 14, ukigeuza kila siku, masika ongeza. Weka kibao shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji. Watu husingizia hewa kwa kupasuka motoni, lakini mkosaji ni unyevu unaogeuka mvuke.

Kibao kisichochomwa hakidumu nje, mvua moja tu kinarudi tope. Badala ya kuwasha moto shuleni, tafuta mama mfinyanzi, nunua udongo wake (tayari una mchanga anaoujua) na mwombe avichome pamoja na vyungu vyake. Moto wa wazi hutoa kibao dhaifu, kwa hiyo kitundike ukutani, kikiwekwa njiani kitavunjika.

Mwl_Bustani:
Asanteni sana. Marumaru za kung'aa hazitatelezesha watoto mvua ikinyesha?

FundiSakafu:
Zitatelezesha, hasa kwa njia ya Shangazi, maana uso unatoka bapa kabisa. Tumia za sakafuni zisizong'aa, za kung'aa ziwe chache pembeni. Siku ya kubandua karatasi sugua saruji iliyo katikati ya vipande kwa brashi ngumu yenye maji, ipate ukwaru.