Tupeane uzoefu: krimu na sabuni zinazouzwa kama dawa ya ngozi

Ndugu zangu wa Kampala, Busia, Gulu na Arua, kila duka sasa lina kopo linaloahidi kuondoa chunusi, choa na madoa kwa mpigo mmoja. Wenye ujuzi wa dawa na wa kutengeneza mafuta, mwageni mnayoyajua: mtu asome nini kabla ya kutoa pesa, apake nini, kiasi gani?

MFAMASIA, ARUA
Geuza boksi usome maandishi madogo. Ukikuta “clobetasol propionate 0.05%” au “betamethasone”, hicho si kipodozi, ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na klobetasoli ipo daraja la juu kabisa kwa nguvu. Inazima mwasho upesi, ndiyo maana wateja wanaisifu baada ya siku mbili tatu tu.

Balaa lake liko kwenye choa. Steroidi inalaza kinga ya ngozi, fangasi haifi, inaendelea kutambaa chini kwa chini. Lile duara lenye magamba pembeni linapoteza umbo, linakuwa baka pana ambalo hata daktari anaweza kulidhania pumu ya ngozi. Choa inataka dawa ya fangasi: klotrimazoli 1%, mara mbili kwa siku, ivuke ukingo wa baka kwa sentimita 2 hivi, na usiache siku mwasho unapokatika. Endelea wiki mbili baada ya ngozi kuwa safi. Wengi wanaacha mapema, halafu wanasema dawa ni feki.

Aliyekwisha kupaka steroidi usoni kwa miezi asiikate ghafla bila kumwona daktari. Uso unaweza kuwaka moto, kuvimba na kujaa vipele, naye akadhani krimu ndiyo iliyokuwa ikimponya.

MKEMIA WA VIPODOZI, KAMPALA
Naongeza zebaki na haidrokwinoni, viambato vya kung’arisha ngozi, ambazo Shirika la Viwango, UNBS, limezikataza kwenye vipodozi. Zebaki hujificha kwa majina: “calomel”, “mercuric iodide”, “ammoniated mercury”. Kuna kopo jingine halitaji kiambato chochote, ila linaonya krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Onyo hilo ni dalili tosha, kwani zebaki hushikana na metali hizo. Huingia mwilini kupitia ngozi na kuumiza figo, na mtoto anayebebwa kifuani huipata kwa mama yake.

Haidrokwinoni huharibiwa na hewa: krimu nyeupe inageuka kahawia mdomoni mwa kopo. Ikitumiwa muda mrefu huleta madoa ya weusi wa kibluu mashavuni. Mtumiaji anaona weusi, anazidisha krimu, na weusi unazidi. Hapo dada zetu wengi wananaswa.

MTENGENEZA MAFUTA, GULU
Moo yaa yetu, yaani mafuta ya shea, isibebeshwe mzigo usio wake. Mafuta ya mti huu wa kaskazini yana asidi ya oleiki (aina ya mafuta yasiyoganda upesi) nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, ndiyo maana ni laini na huyeyuka kwa joto la mchana. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Kwa hiyo yapake ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu baada ya kuoga. Upele hayaui, fangasi hayaui. Na tafadhali msichanganye na ndimu: ndimu ikikutana na jua juu ya ngozi, inababua na kuacha doa jeusi.

MFAMASIA, ARUA
Kuhusu sabuni za dawa: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamua kuondoa triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kuua vijidudu za matumizi ya kawaida, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida na maji.

Krimu yoyote mpya, hata iliyosajiliwa, ijaribuni kwanza. Paka kiasi cha punje ya maharage kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Mwasho au vipele vikitokea, osha, na isifike usoni.