Naomba ushauri: hizi pointi za likizo za Florida nichukue au nipotezee?

Mtoto wa Keko
Wakuu habari za Jumapili. Naomba ushauri, matusi wekeni akiba kwanza. Niko Columbus, Ohio, nabeba boksi mwaka wa tisa huu, nina mke na watoto wawili. Juzi kati tulishuka Florida likizo ya shule ya watoto, mwendo wa masaa 15 kwa gari, sasa tukiwa Orlando kuna jamaa kaweka kimeza nje ya mall anagawa ofa, ukienda kusikiliza maelezo dakika 90 unakunywa chai ya bure na unapewa tiketi za kuingia kule kwa Mickey. Nikaenda. Kitu chenyewe wanaita mkataba wa kuanzia, unanunua pointi 2,500, kila mwaka zinaingia 2,500 nyingine, unazitumia kulala kwenye resoti zao, halafu kuna mtandao wa kubadilishana unaweza kulala mpaka nje ya Marekani, jamaa alinifungulia kwenye tableti hoteli ya Zanzibar kabisa naiona na mnazi wake. Bei dola 11,900. Je kwa mtu wa kipato cha kawaida hiki ni kitu cha kuchukua? Aliyewahi kuwa nazo anipe uzoefu.

Mzee Kifimbo
Hizo dakika 90 kwa saa yako zilikuwa ngapi?

Mtoto wa Keko
Masaa matano mkuu.

Fundi Cherehani
Nyie ndugu zetu mliovuka maji mnatuchosha. Dola 11,900 huku ni vyumba vitatu na sebule mpaka kwenye lenta kule Chanika, unabakiza bati tu. We unaenda kununua usingizi. Ukija huku unaanza kulia maisha ya ulaya magumu, magumu wapi wakati mnanunua vitanda ambavyo hata kuvibeba hamruhusiwi.

Dalali Mkweli
Nina kiwanja Kigamboni mita za mraba 600, hati ipo, gari inafika mpaka mlangoni. Mwenye uhitaji aje inbox. Sio udalali, ni cha shangazi yangu.

Nesi wa Seattle
Mimi ninazo na sijutii ila zangu ni za Disney Vacation Club, klabu ya likizo ya haohao wa Mickey, na nilinunua za mtumba, kwa mtu aliyekuwa anaachana na mume wake. Pointi 50 tu, ndogo kweli. Resoti yangu ni Old Key West, ndio ile ya kwanza yao ilifunguliwa 1991, na mkataba wangu unakufa 2042, sio wa milele na hilo ndilo lilinipendeza maana sitaki kuwarithisha wanangu bili. Siri ya pointi chache ni kuzikusanya, za mwaka jana ambazo hukutumia unazisogeza mbele, unaongeza za mwaka huu, unakopa za mwakani, hapo unakuwa na 150 unalala wiki nzima kwa raha, halafu unakaa kimya miaka miwili. Unabuku miezi 11 kabla kwenye resoti yako mwenyewe, kwenye zile nyingine unasubiri mpaka ibaki miezi 7. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu alipomaliza high school, tulikaa kibarazani tunaangalia mfereji na bata wanapita, nikakumbuka nilivyofika hapa na begi moja na sweta la kuazima... lakini hayo ni mengine. Kila mwaka kuna ada ya matunzo na inapanda, hiyo usisahau.

Mtoto wa Keko
Asante sana dada. Ndio maana nasema sio kitu kibaya, kuna watu zinawasaidia.

Karani
Ngoja kidogo. Dada kaongelea mtumba wa kampuni nyingine, we umeulizia kitu kipya cha dukani, usijifunike kwa shuka lake. Swali langu moja tu. Umesaini?

Mtoto wa Keko
Kuna vikaratasi nilisaini, vya kushikilia ile bei ya siku ile isipande.

Karani
Na hela ulitoa?

Mtoto wa Keko
Kianzio tu mkuu, dola 1,190, kwenye kadi. Nyingine ni mkopo wao wenyewe, miaka kumi, dola 185 kwa mwezi, riba 16.9. Lakini jamani msinielewe vibaya, mimi nimepiga hesabu. Ukilala hoteli hela imeenda, asubuhi unatoka na sabuni tu. Hii ni yako. Na hiyo 185 ni shifti moja ya overtaimu, kuna watu humu wanakula zaidi ya hapo kwenye nyama choma.

Buda wa Dallas
Wueh. Boss si ungeanza hapo? Umekuja kuuliza kama utanyoa na kichwa tayari ni upara 😂

Karani
Haya hesabu hiyo hapa. 185 mara miezi 120 ni 22,200. Weka kianzio, 23,390. Ada ya matunzo ni ngapi kwa mwaka? Ipo tu, geuza kurasa.

Mtoto wa Keko
640.

Karani
Miaka kumi 6,400, na hapo nimefanya kama haitapanda wakati itapanda. Jumla 29,790. Hiyo ni zaidi ya milioni 70 za madafu. Mkopo ukiisha ada inaendelea. Halafu fungua kile kijitabu cha pointi utuambie Disemba wiki moja chumba kimoja ni pointi ngapi.

Mtoto wa Keko
Disemba ndio wameiweka msimu wa juu... wiki ni 6,300. Ila Septemba ni 2,450 inaingia kabisa.

Mzee Kifimbo
Septemba watoto wako shule na Florida ni msimu wa vimbunga. Hongera kwa kununua kimbunga cha familia.

Bint Malindi
Mimi niko Muskat lakini kwetu Unguja. Kaka hiyo hoteli uliyooneshwa ni picha, kuipata ndio kazi. Kwenye kubadilishana unapata pale panapobaki wazi, na Disemba kule kila mtu anataka kuwa Nungwi. Tena utalipia ada ya kubadilisha, utalipia tiketi za ndege za watu wanne, halafu vyumba vya wageni Jambiani na Paje vipo vya bei ya kawaida, unapiga simu moja umeshapata na samaki wa jioni juu yake. Na mzazi je? Unatoka Marekani unashuka Dar unampita mama Keko unakwenda kulala hotelini?

Mtoto wa Keko
Hapo kwa mama tupaache kidogo.

Karani
Lini umesaini? Tarehe.

Mtoto wa Keko
Jumamosi tarehe 12, jioni jioni.

Karani
Leo 20. Sikiliza vizuri na nyie wengine acheni utani kidogo. Mkataba wa namna hii uliosainiwa Florida sheria inakupa siku 10 za kalenda za kuuvunja bila faini na bila kutoa sababu, zinahesabiwa toka uliposaini au ulipopewa karatasi ya mwisho, ile itakayochelewa. Usitegemee ya karatasi, hesabu toka siku ya sahihi. Mwisho wako ni Jumanne tarehe 22. Chukua lile faili, nenda kwenye ukurasa wenye sahihi yako, maneno haya yako juu kidogo ya mkono wako, sheria inawalazimisha wayaweke hapo yaonekane. Soma urudi.

Mlinzi wa Zamu
Naomba niwe mchawi wa huu uzi. Mimi nilikaa Orlando miezi minane, kazi yangu ilikuwa dawati la mapokezi sehemu kama hizo, kuwapokea wageni na kuwagongea jina kwenye kibandiko. Sheria ya pale mtu mwenye ndoa haingii peke yake. Lazima mje wote wawili, maana mmoja akisaini mkataba mwingine anakuja kuufuta. Sasa mleta mada anasema ana mke, TULISHUKA Florida, halafu NIKAENDA. Mke kapotelea wapi? Na toka juu huko hajasema neno hata moja mke wake kasemaje. Hii ni chai wakuu. Alienda kunywa chai ya bure na sisi katuletea yetu.

Fundi Cherehani
Nilishahisi. Leteni maandazi.

Kipepeo
Vitumbua ninavyo, nani ana karanga?

Buda wa Dallas
Hata ile hesabu ya Septemba ilikuwa imetoshea sana, 2,450 kwa 2,500, ni kama mtu aliipanga.

Dalali Mkweli
Kiwanja bado kipo.

Nesi wa Seattle
Jamani hata kama ni chai maelezo ya Karani yatamsaidia mwingine, msimkatishe.

Mtoto wa Keko
Sio chai. Basi niseme yote kwa sababu naona nimekuwa mwongo wakati nimekuja na shida. Wife hakuja Florida. Kazini kwake walimnyima ruhusa wiki ya mwisho, akasema nendeni tu msiwakoseshe watoto. Nilikwenda na mama yangu, yuko huku matembezi toka Februari. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya hali ya ndoa, yule jamaa wa kimeza akaniambia kaka ukiandika umeoa hupati tiketi mpaka mkeo awepo, nikaandika sina mke. Kwa hiyo nilivyoingia niliingia kama kijana mseja na mama yake.

Watoto wakapelekwa chumba cha michezo. Sisi tukakalishwa meza ya duara. Mama hajui Kiingereza zaidi ya thank you, kavaa dera na kanga juu, kahawa akaikataa, yule muuzaji mwenyewe akainuka akaenda kumtafutia chai ya maziwa. Masaa matano jamaa haongei na mimi, anaongea na mama, kamshika mkono, anamwita Mama, mimi natafsiri tu. Mama anauliza, nyumba hii ukifa wanachukua watoto? Namtafsiria, jamaa anasema yes Mama, watoto. Mama akanigeukia akaniambia mwanangu baba yako alikufa tumepanga. Nikasaini. Wakapiga kengele, ukumbi mzima ukapiga makofi, mama akasimama akapiga kigelegele.

Usiku uleule akapiga simu Keko. Mpaka tunarudi Ohio ukoo mzima unajua nimenunua nyumba Florida, na mdogo wangu kaomba barua ya mwaliko. Wife anajua nilipewa tiketi za bure, basi.

Kipepeo
Duh.

Mlinzi wa Zamu
Kigelegele Orlando. Hii chai sasa imetiwa tangawizi na mdalasini.

Mzee Kifimbo
Mimi hapo kwenye kigelegele ndio nimeamini. Ya kusoma mtu anaweza kutunga, ya mama kusimama na kanga hawezi.

Fundi Cherehani
Ndugu yangu kama ni kweli nisamehe yale ya lenta. Ila mkeo mwambie leo, kabla bili haijafika nyumbani. Bosi wangu wa zamani alificha mkopo wa bodaboda, mke akaja kuujua siku wanakuja kuichukua, alikuwa anaanua nguo akadhani ni wezi akawapigia kelele.

Mtoto wa Keko
Nimelisoma lile neno, lipo kweli kama ulivyosema Karani, siku 10. Tatizo kuna karatasi nyingine nilisaini, inasema nimeelezwa kila kitu nimeridhika na sitadai kurudishiwa. Na nilikuwa nawaza pia, kwa nini nisibaki nazo halafu nizipangishe kwa watu, mbona inawezekana? Nikichoka nauza.

Karani
Hiyo karatasi ya kuridhika haina meno, haki ya kuvunja huwezi kuisaini ikaondoka, na hilo nalo limeandikwa palepale juu. Kuuza utamuuzia nani? Ingia eBay uone watu wanavyouza mikataba kwa dola moja na ada ya kuhamisha wanalipa wao.

Buda wa Dallas
Na ukianza kutafuta mnunuzi ndio utapatwa na matapeli wengine. Kuna mzee tunafanya naye kazi hapa warehouse alipigiwa simu eti mnunuzi yuko Mexico, tuma kodi kwanza. Alituma mara tatu. Mpaka serikali ya Marekani mwaka 2024 ilitoa onyo, wakasema watu karibu 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 kwa hizo njia za Mexico, na nyuma yake kuna genge la madawa la Jalisco, hukohuko Mexico. Unatoka kutafuta likizo unajipata unawachangia hao.

Karani
Andika barua ukurasa mmoja. Jina lako kama lilivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe uliyosaini, sentensi moja kwamba unauvunja na unataka hela yako yote. Usieleze mama, usieleze mke, usiombe samahani. Saini. Anwani ya kutuma ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba sehemu ya kuvunja, sio ya ile ofisi uliyokunywa chai. Leo posta imefungwa, kesho peleka kwa rejista, hakikisha wanagonga muhuri wa tarehe mbele yako, kopi na risiti kaa nazo. Tarehe ya posta ndiyo inayohesabiwa, sio siku watakayoifungua. Wakishaipokea wana siku 20 kukurudishia. Na USIWAPIGIE SIMU. Watakwambia subiri meneja Jumatano.

Bint Malindi
Na mama je?

Mtoto wa Keko
Mama amelala. Ngoja kwanza.

*(Jumatatu)*

Mlinzi wa Zamu
Posta imefunguliwa toka asubuhi, mleta mada kimya. Nilisema mimi.

Mtoto wa Keko
Nimetoka shifti saa tisa nikapitia posta moja kwa moja na yunifomu. Imeenda. Yule mama wa dirishani kagonga muhuri akaniuliza ni kitu cha thamani, nikamwambia dola 11,900, akaniangalia tu. Wife nilimwambia jana usiku. Hajanijibu mpaka sasa, ila kanipikia.

Karani
Safi. Picha ya risiti weka, ficha namba.

Mtoto wa Keko
Picha inagoma kupanda.

Mlinzi wa Zamu
😂😂😂 Mimi sisemi kitu.

Kipepeo
Na tiketi za Mickey je, wanataka zirudi?

Mtoto wa Keko
Tulishaingia siku ileile. Mama alipanda ile farasi ya kuzunguka mara nne.

Bint Malindi
Umeshamwambia?

Mtoto wa Keko
Bado. Asubuhi nimemkuta sebuleni anaongea na shangazi kwa video, anamuuliza mapazia ya kule Florida ashone rangi gani.