MJADALA: Picha ya kiongozi kwenye bango la mradi, iondolewe wakati wa kampeni au isiwekwe kabisa?

Wadau, tulijadili hili sasa, kwa sababu kampeni zikishaanza kila hoja huonekana ina chama.

Bango la mradi lina kazi yake. Mkazi wa Mbagala anayekula vumbi la ujenzi ana haki ya kujua mkandarasi ni nani, mhandisi mshauri ni nani, gharama ni shilingi ngapi, fedha zimetoka wapi na kazi itakabidhiwa lini. Hayo yabaki, tena kwa herufi kubwa, hata siku ya kupiga kura. Ninachopinga ni picha ya kiongozi na maneno ya kumshukuru. Mwendokasi awamu ya kwanza imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ya pili kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hiyo tunailipa wote, pamoja na aliyempigia kura mpinzani.

Wapo wanaosema picha zifunikwe tu kampeni zikianza. India walifanya hivyo. Januari 2012 Tume ya Uchaguzi iliamuru sanamu za Mayawati, waziri kiongozi wa jimbo la Uttar Pradesh, zifunikwe, pamoja na sanamu za tembo, alama ya chama chake. Gharama juu ya gharama, na tembo aliyeviringishwa plastiki bado kila mtu anajua ni tembo! Mexico walikwenda kwenye mzizi. Tangu mageuzi ya 2007, ibara ya 134 ya katiba yao inakataza tangazo la serikali kubeba jina, picha au sauti ya mtumishi wa umma kwa namna ya kumtangaza yeye binafsi, kuwe na uchaguzi kusiwe. Mimi niko upande huo.

Mtaniambia aliyefanya kazi ana haki ya kuisema. Anayo. Apande jukwaani Mwembeyanga aiseme mpaka jioni, kwa gharama za chama chake.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni vitu vidogo kuliko mabango ya barabarani. Tuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Fedha ni za serikali. Sasa dawati au choo cha shule kikipakwa jina la mbunge, jina hilo linafanya kampeni miaka 5 mfululizo, na mshindani wake hana mfuko wa kumjibu. Kanuni inayohusu kipindi cha kampeni pekee haitaligusa, maana lilishaandikwa zamani.

Kwa hiyo naomba maoni yenu hasa hapa: majina yaliyokwisha kupakwa kwenye mali ya umma yafutwe kabla ya 2030? Na rangi ya kufutia ilipiwe na halmashauri au na mwenye jina? Mimi nasema mwenye jina.