Mjadala: Kiongozi wa AMCOS akienda bungeni, wakulima wa mkonge tunapata au tunapoteza?

Mtoa mada, Korogwe:
Wana Tanga, tulizungumze hili bila kuoneana haya. Siku hizi mtu akisimama imara kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika wa mazao, watu wanaanza kumsukuma agombee ubunge. Mimi siafiki, labda kwanza aachie uenyekiti na hesabu zisomwe mbele ya wanachama.

Mtazameni Paul Bomani wa Mwanza. Wakulima wa pamba Usukumani walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaamua kuajiri wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Juu ya uchungu huo ndipo Bomani akaunganisha vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, vikazaa shirikisho kubwa, Victoria Federation, mwaka 1955. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika, 1962 akashika Fedha. Alistahili, sina ubishi. Ila serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, yeye alikuwa balozi wetu Marekani. Wakulima walibaki na nani?

Mchangiaji, Muheza:
Ndugu yangu, hapo unamwonea marehemu. Amri ya 1976 ilitoka juu, na huko juu wakulima walikuwa wachache. Vyama vilirudi kwa sheria ya Bunge ya 1982. Sasa bila mtu wetu Dodoma, nani atasemea bei ya kusindika? Wewe mwenyewe unajua, majani ukishayakata hayasubiri. Unakaa na mafungu yako kando ya korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, jua linawaka, foleni haisogei, na mwenye korona ndiye anayepanga.

Mtoa mada, Korogwe:
Hiyo korona ndiyo mizani yetu, ndiyo maana nashikilia hapo hapo. Wasukuma walianza kwa kuweka mtu wao pale pamba inapopimwa, siasa ikafuata. Sisi tunataka kuanza na siasa! Mwenyekiti akiwa Dodoma, nani atasimama kuhesabu mafungu yanayoingia na kupima singa, yaani nyuzi za mkonge, zinazotoka? Aende bungeni kwa heri zote, lakini masharti ya chama yaseme wazi: ukichukua fomu, unakabidhi ofisi. Kama kuna chama Handeni au Pangani chenye kipengele hicho, mwanachama wake atuwekee hapa tukisome.